Priampu Iliyokwisha Tumika: Sauti Tatu Mezani

Katriji ya Denon DL-103, kichwa cha kushika sindano ya santuri ambacho Wajapani walikibuni mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika lao la utangazaji, NHK, hutoa umeme wa milivolti 0.3. Umeme huo hauwezi kutikisa hata spika ya redio ya mfukoni. Kabla amplifaya haijaweza kuutumia, lazima ukuzwe kama mara 1,000, na papo hapo urekebishwe, kwa sababu santuri haikukatwa vile mwanamuziki alivyopiga. Besi ilipunguzwa makusudi ili mifereji isitanuke ikaingiliana, na sauti nyembamba za juu zikaongezwa ili zishinde mchakacho wa plastiki. Kuanzia 1954 viwanda vilianza kufuata kanuni moja, ile ya chama cha kampuni za santuri cha Marekani, RIAA. Kwa kanuni hiyo, kifaa cha msikilizaji kinatakiwa kuinua sauti ya hezi 20 karibu mara 10 ikilinganishwa na ile ya hezi 1,000, na kuishusha ya hezi 20,000 karibu mara 10.

Kukuza na kurekebisha: hizo ndizo kazi za priampu ya fono. Zipo mpya za bei ndogo zinazoenea kiganjani, zipo na za bei kubwa ambazo mwalimu au karani hawezi kuzifikia kwa mshahara. Katikati pana soko la zile zilizokwisha tumika, na humo ndimo wapenzi wa santuri wanamobishana mpaka chai inapoa.

Sauti ya kwanza katika mjadala huu ni ya mwalimu mstaafu wa Tanga, mama mwenye kabati zima la santuri za taarab na dansi. Ya pili ni ya mpwa wake, mhandisi wa umeme. Ya tatu ni ya fundi wa redio wa mtaani kwao, aliyeanza kushika solda enzi za redio za valvu. Wote watatu wamebuniwa. Mashine, vipimo na wasanii wanaowazungumzia ni wa kweli. Kilichowakutanisha ni tangazo. Mtu wa Uingereza anauza EAR 834P, priampu ya kampuni ya Tim de Paravicini, mhandisi aliyefanya kazi na Luxman ya Japani katika miaka ya 1970, akarudi Uingereza kuunda mashine zake mwenyewe, na akafariki 2020. Ni sanduku dogo lenye valvu tatu za ECC83, na limepita katika mikono ya wengi.

Mwalimu ndiye anayeanza, kwa kuwa fedha ni zake.

"Nimekwisha nunua pleya nzuri, nimefunga hiyo Denon, na bado Shakila, mwimbaji wetu wa taarab, anaimba kama mtu aliyejifunika shuka. Nilimsikia ukumbini hapahapa Tanga, sauti yake naijua. Amplifaya yangu ni ya miaka ya 1970, ina tundu la fono, lakini nikiongeza sauti ndipo nisikie, kinachokuja mbele ni uvumo. Hii ya Mwingereza siitaki kwa ajili ya jina. Naitaka kwa sababu inafunguka. Valvu ikifa, fundi anachomoa, anachomeka nyingine. ECC83 zinatengenezwa hata leo, Slovakia, Urusi, China. Mashine ngapi za siku hizi unaweza kuzisemea hivyo?"

"Shangazi, niwie radhi," mpwa anadakia. "Unanunua joto. Kuna chipu inaitwa NE5534, ipo sokoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, bei yake haizidi ya soda mbili tatu. Mwingereza mmoja, Douglas Self, ameandika vitabu vizima akionyesha kwa vipimo kwamba ukiipanga vizuri unapata priampu ambayo kelele yake inakaribia mpaka wa fizikia. Kinachobaki ni kelele ya koili ya katriji yenyewe, na hiyo huiondoi hata ukiuza nyumba. ECC83 haishuki mpaka hapo."

Mpwa yuko sahihi kuhusu kelele, na ni vizuri jambo hilo likubaliwe mapema ili mjadala usonge. Kwa katriji ya kawaida, priampu ya chipu iliyoundwa kwa uangalifu ni kimya kuliko ya valvu, na zote mbili ni kimya kuliko santuri yenyewe ikizunguka bila wimbo. Anayenunua valvu kwa kutafuta ukimya amekosea duka.

Mpwa ana hoja nyingine nzito zaidi. Mwaka 1979, Stanley Lipshitz wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, alichapisha uchambuzi wa hesabu za mizunguko ya RIAA. Alionyesha kwamba fomula zilizokuwa zikitumiwa na wabunifu wengi zilikuwa na makosa, na kwamba vifaa vilivyokuwa madukani havikuifuata kanuni kama vilivyodai. Kosa la desibeli moja likienea katika eneo pana la muziki, sikio hulitambua: sauti ya mwimbaji inasogea mbele au inarudi nyuma, udi unanenepa au unakonda. Tangu uchambuzi ule, mbunifu hana kisingizio. Lakini mnunuzi wa kitu cha zamani anaweza kuwa analipia kosa lililokuwemo tangu kiwandani, akaliita utamu wa zamani.

"Basi amplifaya yangu ni ya kabla ya huyo bwana wa Kanada," mwalimu anasema. "Si ndiyo sababu ya kununua nyingine?"

"Au ndiyo sababu ya kuipima kwanza," mpwa anajibu.

Fundi alikuwa kimya. Sasa anauliza swali ambalo hakuna aliyelitaja. "Mwalimu, zile santuri zako ndogo, za mizunguko 45, zina hali gani?"

Hali yao inajulikana kwa yeyote aliyewahi kupekua masanduku ya Soko la Kenyatta, Nairobi, ambako santuri za zamani huuzwa hadi leo. Santuri nyingi za bendi za Tanzania zilitengenezwa Nairobi, zikiwemo za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro. Wimbo mrefu wa dansi ulikatwa vipande viwili, nusu upande wa kwanza na nusu upande wa pili, na nusu ya pili mara nyingi ndiyo yenye magitaa yanayochezesha. Zilipigwa baa, zilipigwa harusini, kwenye pleya za betri zenye mikono mizito na sindano zilizokwisha lika. Vumbi liliingia, mchanga ukafuata. Mpenzi wa santuri wa Ulaya anaponunua toleo jipya lililotoka kiwandani jana, tatizo lake silo la mkusanyaji wa Tanga.

"Mkwaruzo unapiga sindano ghafla kuliko ngoma yoyote," fundi anaeleza. "Umeme unaruka. Kama priampu haina nafasi, inagonga dari, na ikigonga dari inakawia kurudi. 'Ta' inakuwa 'taaa'. Watu wanalaumu santuri, kumbe santuri imesema neno dogo tu, mashine ndiyo iliyolirefusha."

Hesabu yake ni nyepesi, na inastahili kufuatwa hatua kwa hatua kwa sababu wauzaji hawaitaji. Chukua katriji ya aina ya MM, ile ambayo sumaku ndiyo inayotikisika. Hutoa kama milivolti 5 sindano ikienda kwa kasi ya sentimita 5 kwa sekunde. Santuri ndogo za 45 mara nyingi zilikatwa kwa nguvu ili zisikike, na kwenye kilele cha muziki kasi inaweza kufika sentimita 25 kwa sekunde au kupita. Hapo katriji inatoa milivolti 25. Priampu ya MM hukuza kama mara 100, kwa hiyo kwenye mlango wa kutokea zinapatikana volti 2.5. Sasa tazama kifaa kidogo kinachoendeshwa na volti 5 za USB bila mzunguko wa ndani wa kuzipandisha: kinaweza kwenda volti 2.5 juu na 2.5 chini, basi. Muziki peke yake umekwisha fika dari. Mkwaruzo utapita wapi?

"Valvu za 834P zinakaa kwenye mamia ya volti," fundi anamalizia. "Dari yake iko mbali."

Hapa mpwa anakubali nusu. "Ni kweli, fundi. Lakini hiyo NE5534 ukiilisha volti 15 juu na 15 chini, inatoa kama 13 kila upande. Gawa kwa 100, unapata milivolti 130 za kuingia kabla haijagonga. Zinatosha na kubaki. Kwa hiyo siyo valvu, ni volti."

Maneno hayo manne ya mwisho yana thamani kuliko kurasa nyingi za sifa zinazoandikwa kuhusu vifaa hivi. Mnunuzi wa priampu, mpya au iliyotumika, angeuliza kwanza: umeme wa ndani ni volti ngapi, na mlango wa kuingilia unabeba milivolti ngapi kabla sauti haijakatika? Watengenezaji makini huandika tarakimu hiyo kwenye karatasi ya vipimo. Asiyeiandika aulizwe.

Mwalimu hajashawishika kwamba ameshindwa, na hana sababu ya kushawishika. Hajaja kuthibitisha kwamba valvu ni bora kuliko chipu. Amekuja na hoja ya uhai wa mashine, na hapo ndipo fundi anasimama upande wake kwa uzito wote.

Katika priampu, kinachozeeka zaidi ni kapasita za elektrolaiti, zile zenye umbo la kopo. Zina majimaji ndani, na majimaji hukauka. Kapasita ya kawaida huandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 85. Kwa kanuni ya mafundi, kila ukishusha joto kwa nyuzi 10, uhai unaongezeka maradufu. Ndani ya sanduku lenye nyuzi 55 itaishi kama saa 16,000, na lenye nyuzi 65, saa 8,000. Kwa msikilizaji wa saa 3 kila siku, tofauti ni kati ya zaidi ya miaka 14 na miaka 7. Chumba cha Tanga mwezi wa Februari kina joto kuliko cha Uingereza kwa zaidi ya nyuzi hizo 10, na mashine ya valvu inaongeza joto lake yenyewe juu ya hilo. Hivyo muuzaji anaposema "haijawahi kuguswa, kila kitu ni cha kiwandani", fundi anasikia deni, wala hasikii sifa.

"Mimi nataka iliyoguswa," anasema, "lakini na mtu anayejua. Kapasita zilizobadilishwa kwa thamani ileile, solda safi, na karatasi ya kazi iliyofanyika. Isiyoguswa naifungua siku inapofika, kabla haijawashwa. Na mtu asiingize kidole mle kwa kuwa plagi imechomolewa. Kapasita za valvu hushika mamia ya volti hata umeme ukiwa umekatwa. Zinaua."

Kisha analeta upande wa pili wa hoja ileile, na mwalimu anasikiliza kwa makini zaidi. Si kila mashine ya bei kubwa inafunguka. Mark Levinson LNP-2, priampu ya Marekani ya miaka ya 1970 ambayo wakusanyaji wanaiheshimu sana, katika matoleo yake ya awali ilitumia moduli za Richard Burwen zilizozamishwa ndani ya gundi ngumu ya epoksi. Moduli ikifa, fundi anakutana na mchemraba mweusi. Hawezi kupima ndani, hawezi kubadilisha kipande cha shilingi 500. Anatafuta moduli nyingine kutoka mashine nyingine iliyokufa. Wapo pia watengenezaji wanaofuta maandishi juu ya chipu ili siri yao isijulikane. Mashine ya namna hiyo ikifika Tanga, Kisumu au Bujumbura, imefika mbali na msaada wake, na bei yake ya mtumba iwe nafuu vipi, anayeinunua anaazima tu muda uliobaki.

Kwa mwandishi wa makala haya, hicho ndicho kipimo cha kwanza, kinachotangulia hata sauti: ramani ya mzunguko inapatikana? Vipande vyake vinauzwa? Mtu mwenye solda na multimita anaweza kuikarabati bila kuandika barua kwa kiwanda? 834P inajibu ndiyo mara tatu. Mzunguko wake unajulikana mno, kiasi kwamba nakala zake za kujiundia zinauzwa kutoka China kwa bei ndogo.

Na hapo pana mtego. Bodi ya Kichina iliyotiwa ndani ya sanduku zuri inaweza kupandishwa cheo na dalali ikauzwa kama ya Mwingereza. Mpwa anasema nakala si dhambi, kama imeundwa vizuri na imeuzwa kwa jina lake. Fundi anakubaliana naye, lakini anadai picha za ndani, pande zote mbili za bodi, kabla fedha haijatoka. Bila hizo mnunuzi ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Anadai pia picha ya chini ya valvu, kwa kuwa tangazo linasema mashine inakuja na ECC83 za Telefunken. Zile za Telefunken zilizotengenezwa kwenye viwanda vyao vya Ujerumani zina alama ya almasi iliyofinyangwa katika kioo, katikati ya pini. Jina lililochapwa ubavuni linaweza kufutwa na kuandikwa upya usiku mmoja. Alama iliyo kwenye kioo ni shida kuighushi.

"Hata zikiwa za kweli," mpwa anaongeza, "hatujui zimewaka saa ngapi."

Hilo nalo ni kweli, na ndiyo maana jina la Telefunken lisingepaswa kuongeza bei kwa mtu ambaye hana kifaa cha kupimia valvu. Mwalimu anabisha: amesoma wengi wakizisifu. Ubishi wao juu ya hili haukuisha, na huenda hautaisha.

Kuna jambo ambalo tangazo halikulisema kabisa. 834P iliuzwa kwa aina mbili: ya MM peke yake, na ya MM na MC yenye transfoma ndogo za kupandisha umeme. Denon ya mwalimu ni MC, aina ambayo koili ndiyo inayotikisika, na milivolti zake 0.3 ni chache kwa mlango wa MM. Akinunua aina ya kwanza, Shakila atabaki ndani ya shuka lilelile, tena kwa gharama kubwa.

Tiba inajulikana. Transfoma ya uwiano wa 1 kwa 10 inageuza milivolti 0.3 kuwa 3, kiasi kinachoutosha mlango wa MM. Inafanya na jambo la pili ambalo watu hulisahau. Mlango wa MM una ukinzani wa omu 47,000. Ukiutazama kupitia transfoma hiyo, unagawanywa kwa 10 mara 10, yaani 100, na katriji inaona omu 470. Denon wanashauri omu 100 au zaidi kwa DL-103, basi 470 zinafaa. Uwiano wa 1 kwa 20 ungepeleka milivolti 6, lakini katriji ingeona omu kama 118, karibu na ukingo, na sauti za juu zingeweza kuanza kulegea.

Fundi anaweka kikombe chini. "Sasa mwalimu nisikilize. Amplifaya yako ina mlango wa MM. Uvumo unaousikia ni kwa sababu unailazimisha kukuza kitu kidogo mno. Ukipata transfoma hiyo ya 1 kwa 10, iliyotumika lakini nzuri, ukaiweka mbali na transfoma ya umeme isije ikanyonya uvumo wa hezi 50, nami nikabadilisha kapasita za amplifaya, huenda usihitaji priampu kabisa. Na transfoma haina kapasita ya kukauka wala valvu ya kuchoka. Ni waya na chuma."

Ni pendekezo ambalo hakuna muuzaji wa priampu angelitoa. Mpwa analipokea kwa furaha, na anatoa njia ya kulijaribu: mzunguko mdogo wa vikinza na kapasita unaoigeuza kanuni ya RIAA kinyume, kompyuta, na kadi ya sauti nzuri. Unapeleka mlio wa hezi 20 hadi 20,000 kupitia mzunguko huo hadi mlango wa fono wa amplifaya. Kama amplifaya inaifuata kanuni, mstari unatoka umenyooka. Kama wabunifu wake walikosea, mstari utaonyesha wapi na kwa kiasi gani. Kazi ya mchana mmoja, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kusafirisha sanduku kutoka Uingereza.

Mwalimu anauliza kuhusu zile za mono. Katika kabati lake zipo taarab za lebo ya Mzuri ya Mombasa na dansi za miaka ya 1960. Mfereji wa mono unaitikisa sindano kulia na kushoto tu. Kinachoitikisa juu na chini ni uchafu na uchakavu. Katriji ya stereo inasoma vyote. Lakini ukiunganisha njia mbili kuwa moja, ule mtikisiko wa juu na chini unajifuta, na sehemu kubwa ya mchakacho inaondoka nao. Kitufe cha mono ndiyo dawa, na 834P hainacho. Amplifaya ya mwalimu, kama nyingi za rika lake, inacho.

Zaidi ya hapo kuna sahani za mizunguko 78, na hapa ndipo mwalimu anapokuwa na hoja isiyojibiwa na yeyote kati ya wale wawili kwa urahisi. Anazo chache za Siti binti Saad, aliyesafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa HMV. Sahani hizo zilikatwa robo karne kabla ya kanuni ya RIAA. Sauti za juu hazikuongezwa kwa namna hiyo, kwa hiyo priampu ya leo ikizishusha, kama inavyopaswa kufanya, inakata kitu ambacho hakikuongezwa: kwenye hezi 10,000 inapunguza karibu mara 5. Besi nayo inakosewa, kwa sababu mpaka wa kuipunguza ulikuwa takriban hezi 250, na RIAA inadhani ni 500. Siti anasikika mnene na wa mbali, nasi tunaambiana kwamba rekodi za zamani zilikuwa mbaya. Kwa sehemu kubwa tunamsikiliza kupitia mashine isiyo yake.

Wabunifu wa zamani waliliona hilo kwa kuwa wateja wao walikuwa bado na sahani za 78 nyumbani. Marantz 7 ya mwishoni mwa miaka ya 1950, yenye valvu sita za ECC83, ina swichi ya kuchagua kanuni, pamoja na nafasi ya 78. Quad 22 ya Uingereza nayo ina vitufe vya namna hiyo. Marantz 7 halisi siku hizi ni mali ya matajiri. Quad 22 haijafika huko, ingawa hutegemea umeme wa amplifaya zake za Quad II na mara nyingi inahitaji ukarabati wa kutosha.

"Sahani za Siti zisipigwe kwa Denon hiyo hata kidogo," fundi anaonya. Sindano ya 78 ina unene wa karibu mara nne ya sindano ya santuri ndefu. Nyembamba inazama chini ya mfereji na kukokota taka. Mpwa anataka zipitishwe kwenye priampu isiyorekebisha chochote, ziingizwe kwenye kompyuta, kanuni sahihi iwekwe huko. Mwalimu anakubali kwa ajili ya kuhifadhi. Kwa kusikiliza jioni na wageni, hataki kompyuta sebuleni. Ana haki hiyo.

Suala la umeme linamalizika upesi. Mashine ya Uingereza ya volti 230 na hezi 50 inafaa Tanzania moja kwa moja. Ya Japani imefungwa kwa volti 100. Ya Marekani kwa 120 na hezi 60, na transfoma iliyobanwa kwa hezi 60 pekee huchemka ikilishwa 50. Nyingine transfoma zake zina nyaya mbili za kuingilia zinazoweza kuunganishwa upya kwa volti 230, nyingine hazina. Umeme unaopanda na kushuka unahitaji stabilaiza, na hilo halina ubishi.

Gharama nayo isihesabiwe kwa bei ya tangazo. Bei, usafiri na bima vinajumlishwa, ushuru wa forodha unawekwa juu, kisha VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya jumla yote. Fundi anashauri theluthi ya fedha isiguswe: ni ya kapasita, ya valvu za akiba, na ya sindano. Almasi ya sindano hudumu kati ya saa 500 na 1,000 hivi, na sindano iliyolika inaharibu santuri ambazo hazitapatikana tena. Msikilizaji aliyenunua priampu ya kifahari akabaki na sindano iliyokwisha anakata mifereji ya Mbaraka kila anapomfurahia.

Wamekubaliana hivi. Mpwa anarudi Jumamosi na kompyuta yake kupima mlango wa fono wa amplifaya. Fundi anaifungua amplifaya hiyo kabla ya siku hiyo na kubadilisha kapasita. Mwalimu hakusubiri wala hakulifuta wazo lake. Amemwandikia muuzaji wa Uingereza akiuliza kama mashine ni ya MM peke yake au ina transfoma za MC, nani aliyeifungua mara ya mwisho na alibadilisha nini, kama njia zote mbili zina sauti sawa, na kama uvumo unasikika bila santuri kuzunguka. Ameomba picha za bodi juu na chini, na za makalio ya valvu. Fundi ameongeza ombi moja: kibandiko cha nyuma kipigwe picha kwa karibu, ile 230 isomeke.